Ratiba ya Kiherehere

Kila akitoka shule, Kiherehere alitupa begi lake kochini, akanawa mikono nusunusu na kukimbilia kompyuta kuukuu ya kaka yake. Hakuna aliyemwita kwa jina lake la kweli, maana tangu alipojua kutembea hakuwahi kutulia mahali pamoja. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kitu kimoja tu kilimkalisha kitini: mchezo wa kujenga kijiji. Watu wa kijiji hicho aliwapangia kazi yeye. Mkulima alilima tu, mwashi alijenga tu, tabibu alitibu tu. Kufundishana kulikula muda, kwa hiyo alikuwa amefuta mafunzo yote. Kijiji kilikua haraka, naye akajiona bingwa.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana ya ushonaji. Shangazi alikata vitambaa, Mama alishona, na jirani yao Mama Pacha alitia vifungo huku akijifunza kukata. Wiki hiyo walikuwa na sare arobaini za watoto wa chekechea. Zilitakiwa Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu Jumatatu watoto wangeanza shule.

Kiherehere aliona kwamba kila alasiri Shangazi humfundisha Mama Pacha saa nzima. Miguu ilimwasha.

"Mama, saa hiyo inapotea bure! Kila mtu afanye anachokijua. Tutamaliza mapema, utaona."

Mama alisita, akaitazama kalenda, akakubali. Kiherehere akaandika ratiba, akaibandika ukutani. Saa ya mafunzo haikuwamo. Mama Pacha aliisoma, akarudi kwenye vifungo vyake.

Siku mbili kazi ilikwenda mbio, na Kiherehere akavimba kichwa. Jumatano alipotoka shule, alikuta cherehani imenyamaza. Shangazi alikuwa ameteleza bafuni na kuteguka mkono wa kulia. Sare kumi na nane zilikuwa bado hazijakatwa.

"Mama, kata wewe!"

"Mimi ni wa kushona, mwanangu. Tangu tufungue karakana, mkasi ni wa wifi."

Kiherehere alitoka, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akajificha kwenye mchezo wake. Lo! Tabibu wa kijiji alikuwa hoi kitandani, na hakuna mwingine aliyejua kutibu. Wagonjwa walikuwa wamejipanga mlangoni. Akazima kompyuta, akaenda kusimama mbele ya Shangazi.

"Shangazi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeifuta ile saa."

"Basi tuirudishe," alisema Shangazi. "Mkono umeteguka, mdomo je? Mama Pacha, shika mkasi."

Mama Pacha akaushika. Kipande cha kwanza kilipinda. Cha pili alikipima mara tatu kabla ya kukigusa.

"Tutachelewa!" Kiherehere aliropoka, mkono tayari kunyakua mkasi.

"Mwache," Shangazi alimkemea. "Vifungo havina mtu. Una kazi?"

Hakuwa nayo. Mama akamwonyesha namna ya kutia kifungo, naye akajichoma sindano mara nne katika kifungo cha kwanza. Hata hivyo hakuinuka. Kesho yake, alipotoka shule, hakuikumbuka kompyuta. Mama Pacha sasa alikata bila kuuliza, na kile kipande kilichopinda kiligeuzwa mifuko.

Ijumaa wanafunzi walitoka saa tano. Kiherehere alifika akihema, akaketi kwenye vifungo. Saa sita ilipogonga, mwalimu wa chekechea alikuwa mlangoni, na kifungo cha mwisho kilikuwa bado mkononi mwa Kiherehere. Akakitia upesi, akakata uzi. Mwalimu akahesabu sare arobaini, akatabasamu, akaondoka nazo.

Kiherehere aliibandua ratiba yake ukutani.

"Usiichane," alisema Shangazi. "Kupanga kazi ni jambo jema, na mpango wako ulikuwa na mbio. Ila ulisahau jambo moja. Wanasema ujuzi hauzeeki. Kweli, lakini mwenye ujuzi huzeeka, huugua, na wengine huteleza bafuni. Saa ya kumfundisha mwenzako haipotei, mwanangu. Ndiyo iliyotuokoa, na ile uliyoifuta ndiyo nusura ituangushe."

Mama Pacha akacheka, akavuta kiti kando ya meza ya kukatia.

"Njoo ukae, Kiherehere. Leo saa ile ni yako."

Kiherehere akakaa, akatulia.