Mpeni Alama Zake

"Mpenzi, umeshaiona hiyo nyumba?"

"Nimeiona. Ipo juu ya duka la dawa, vyumba viwili vikubwa, intaneti ipo. Tutaweka hata viti ishirini."

"Basi mwambie mwenye nyumba tunaichukua."

Vina aliganda, hedifoni masikioni. Kila asubuhi alikuwa na kawaida ya kuingia kimya kimya kwenye simu za ofisi, akisikiliza kama vijana wake wanawajibu vizuri wateja wa Australia. Jumanne ile alitegemea kusikia mzee fulani wa Adelaide akilalamika kwamba hita yake haichemshi maji. Badala yake alisikia sauti ya Reynante, mchumba wake. Na huyo wa kike aliyekuwa akiitikia, alikuwa Mayette, binti wa mama yake mdogo, ambaye walilala kitanda kimoja tangu utotoni. Asubuhi hiyo Mayette alikuwa ameaga kazini kwamba anakwenda kung'oa jino.

"Mbona unapiga kwa simu ya ofisi, Rey? Si zinarekodiwa?"

"Vocha imeniishia. Na mkaguzi wa rekodi ni nani, si mimi? Nitaifuta baadaye. Vina mwenyewe yuko chini anakunywa kahawa."

"Na posa ya Jumapili je?"

"Iache ije. Akihangaika na gauni na maua hataona kitu. Ijumaa Bi Whitlock anasaini mkataba mpya. Nimeshamwandikia kwa jina la Vina kwamba akiolewa anafunga ofisi. Mkataba unakuja kwetu na vijana wote nawahamisha. Harusi tutaisogeza mbele mpaka ife yenyewe."

Mayette alicheka. "Maskini dada yangu!"

"Yule ni wa kusikilizwa kwenye simu tu, mpenzi. Wa kutazamwa ni wewe."

Jamani! Kuna maneno yanachoma kuliko pilipili jichoni. Vina alikaa Manila miaka mingi akipokea simu na kutukanwa na Wamarekani usiku kucha, akivumilia, akidunduliza, mpaka akarudi kwao, mji mdogo wa Roxas, kufungua kituo chake cha simu. Kilikuwa na viti kumi na viwili tu, juu ya duka la mikate karibu na plaza. Alitafuta kwa makusudi mteja wa Australia, kampuni ya hita ya Bi Whitlock, ili watu wake wafanye kazi mchana na usiku walale kama binadamu wengine. Reynante alimkuta akipaka rangi mbao za kugawia meza, akachukua brashi bila kuombwa, na hapo ndipo moyo wa Vina ulipoteleza. Kumbe alikuwa anamkaribisha mwizi na kumshikisha funguo.

Alijifungia chooni, akalia, akanawa uso. Kisha akarudi mezani na kuinakili ile simu kabla mkaguzi hajaifuta.

Reynante akaingia na mkate wa moto mkononi.

"Mpenzi, mbona macho mekundu?"

"Mafua."

"Pole jamani. Nikukamulie kalamansi, zile ndimu ndogo, kwa maji ya moto?"

"Nikamulie."

Akakamuliwa, akanywa yote, akasema asante.

Aliyeambiwa siri ni mtu mmoja tu, Mwalimu Rhodora, mstaafu aliyefundisha Kiingereza nusu ya mji ule na sasa alikuwa mpokea simu mkongwe kuliko wote. Alisikiliza rekodi, akaitoa hedifoni na kuitupa mezani.

"Mfukuze leo hii! Na huyo nyoka wa kike umfukuze pamoja naye!"

"Nikimfukuza leo atasema nina wivu, Mwalimu. Mteja ataamini barua yake, na vijana watamfuata. Mimi sitaki aondoke. Nataka avuliwe nguo hadharani."

"Kisasi kitakuumiza na wewe, mwanangu."

"Kiniumize. Yeye kamwaga mboga, mimi namwaga ugali."

Ijumaa ikafika. Katika vituo vya simu kuna desturi moja ambayo kila mpokea simu anaiogopa: mnakaa wote, inachezwa simu moja iliyorekodiwa, mteja anasikiliza kutoka kwao, halafu kila mmoja anatoa alama. Salamu ilikuwaje? Maelezo yalikuwa ya kweli? Tatizo limeisha? Ofisini kwa Vina, mwenye kuendesha kikao alikuwa Reynante, na alikuwa hana huruma. Aliwahi kumliza binti mmoja kwa sababu ya kupiga mwayo.

"Bi Whitlock, unatusikia?" Reynante aliuliza kwa Kiingereza chake cha kujidai, shati limenyooshwa, nywele zinang'aa.

"Nawasikia vizuri. Tumalize hili, kisha tuzungumze habari za mkataba."

"Bila shaka. Bosi, leo umechagua simu ya nani?"

"Bonyeza tu," Vina alisema. "Ni ya mtu mzoefu."

Akabonyeza.

"Mpenzi, umeshaiona hiyo nyumba?"

Lo! Rangi ilimtoka. Mkono ukaruka kwenda kuzima, lakini Mwalimu Rhodora alikuwa ameshasimama kati yake na mashine, mikono kiunoni. Mayette aliinuka kwenda mlangoni.

"Kaa, Mayette," Vina alimwambia. "Jino halijapona, utatokwa damu."

Simu ikachezwa mpaka mwisho. Vijana walikuwa wanatazamana midomo wazi.

"Samahani," sauti ya Bi Whitlock ikaja. "Hiyo si lugha yangu. Ni mteja gani, na anasema nini?"

"Reynante," Vina alisema kwa upole, "mtafsirie mteja."

"Ni... ni fundi, mama. Anauliza nyumba ya kufunga hita. Viti... yaani vyumba ishirini."

"Mwongo!" wakapaza sauti watu wa pande zote za chumba.

"Mwalimu, tusaidie."

Mwalimu Rhodora akatafsiri kwa Kiingereza cha ubaoni, sentensi baada ya sentensi, bila kuruka neno. Alipofika kwenye ya kusikilizwa na kutazamwa, akasita.

"Hili niliache?"

"Usiliache," Vina alijibu, na sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. "Litafsiri."

Likatafsiriwa.

"Vina," Bi Whitlock akasema, "barua kwamba unafunga ofisi, hukuandika wewe?"

"Sikuiandika, na sifungi."

"Basi nasaini na wewe. Na bwana huyo nisimsikie tena kwenye laini zangu."

"Nashukuru, mama. Ila kikao hakijaisha." Vina akawageukia watu wake. "Mpeni alama zake. Salamu?"

"Kumi!" alisema yule binti aliyewahi kulizwa. "Ameita mpenzi kwa hisia."

"Ukweli wa maelezo?"

"Sifuri!"

"Kumjali mteja?"

"Inategemea mteja ni yupi," mmoja akasema, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko.

Reynante alipiga magoti pale pale. "Vina, nisikilize. Ni shetani tu."

"Shetani gani anaishiwa vocha? Inuka, utachafua suruali. Wewe na Mayette tokeni nje."

Wakatoka kila mmoja kivyake, hawakutazamana. Jioni ile ujumbe wa Reynante ukaingia:

"Vina nisamehe. Mama hajui chochote na moyo wake ni mgonjwa. Jumapili ukoo wote unakuja. Nakuomba tusiwaaibishe wazee, mengine tutayamaliza wawili."

Vina aliusoma mara mbili. Alimjua mtu wake. Reynante alikuwa anategemea kwamba binti mwenye adabu hawezi kukataa mbele ya wazee, na kwamba posa ikishapokelewa, ofisini ataingia tena kwa mlango wa mume.

Akajibu neno moja: "Njooni."

Jumapili jeepney, basi dogo la abiria, ikasimama mbele ya nyumba ya mama mdogo Pilar, aliyemlea Vina tangu mama yake mzazi alipofariki. Wakashuka wajomba, mashangazi, vyungu vya tambi na nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi imeiva ikawa kama kioo. Mbele yao alitembea Mama Consing, mama yake Reynante, kavaa gauni lake la kanisani. Vina akauchukua mkono wa mama yule na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama inavyompasa mtoto kwa mzee. Mayette alitaka kujificha jikoni, lakini Pilar, mama yake, asiyejua lolote, akamvuta aketi.

"Dada Pilar," Mama Consing akaanza, "tumeona ua zuri kwenye bustani yako. Kijana wetu ameomba tuje kulichuma."

"Karibuni sana," Pilar alijibu huku akijifuta machozi ya furaha. "Mwenye kujibu ni binti mwenyewe."

Reynante akamtazama Vina kwa macho ya kuomba.

"Mama," Vina akasema, "nyumba hii ina mabinti wawili. Mwanao aseme mwenyewe anamtaka yupi."

"Ni utani gani huo?" Mama Consing akacheka kidogo. "Rey, mjibu mwenzio."

"Wewe, Vina. Ni wewe tu."

"Apa kwa uhai wa mama yako huyu aliyekaa hapa."

Mtu akiambiwa aape kwa mama yake, tena mwenye moyo mgonjwa, ulimi lazima uwe mzito. Reynante alifungua mdomo, akaufunga.

"Rey?" Mama Consing hakuwa anacheka tena. "Umefanya nini?"

Akasema. Alisema yote kwa kichwa chini, nyumba ya juu ya duka la dawa, barua, Mayette, na mashangazi wakawa wanajipiga alama ya msalaba kila alipovuta pumzi. Vina alimsikiliza, na nisikudanganye, ilimfurahisha na ilimuuma kwa pamoja, maana alikuwa bado anampenda.

Pilar akamgeukia bintiye. "Ni kweli?"

Mayette akalia.

"Basi posa isipotee," Vina akasema. "Ua lililochumwa si ni hilo? Mpokee mumeo, Mayette."

"Simtaki!" Mayette akaruka. "Kazi hana, ofisi hana, nikamfanyie nini?"

"Juzi ulikuwa unanitaka!" Reynante akabwata.

"Juzi ulikuwa na mkataba!"

Mama Consing alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akainuka taratibu. Vina aliharakisha kumshika mkono.

"Mama, nisamehe kwa kukuliza. Wewe sina ugomvi nawe. Kaa tule."

"Nakaa," mama yule akasema. Akavuta kiti karibu na Vina, akajifuta macho kwa kiganja, akachukua sahani. "Nguruwe anabaki, na mimi nabaki. Wewe, Rey, shuka ngazi. Na jeepney usiiguse. Nenda kwa miguu."