Msiba Uliorudi Kila Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Beatrisi alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampelekea bibi yake uji. Bibi Dafrosa alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na kila asubuhi pale kijijini kwao Marambo aliuliza swali lile lile.

"Babu yako hajarudi shamba?"

"Bibi, babu alishafariki. Tulimzika mwaka jana."

Jamani! Bibi alijifunga kanga kiunoni, akaangua kilio, na uji ukapoa bila kuguswa. Siku za mwanzo Beatrisi alilia naye. Sasa aliitoa habari ile kama anayetaja bei ya chumvi. Hakusikia uchungu wala huruma. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Shuleni walifundishwa kusema kweli, naye alisema kweli. Bibi akazidi kukonda, mama akazidi kuhofu.

Jumatatu moja kilio kilivuka barabara. Kijijini watu wakisikia kilio hawaulizi, huja. Mama Tunu, jirani aliyehamia juzijuzi kutoka Ruangwa, alitokea na mzigo wa kuni kichwani, na nyuma yake wanawake wengine na unga.

"Poleni! Nani ametutoka?"

"Hakuna," Beatrisi alijibu bila kumtazama. "Ni babu yule yule wa mwaka jana. Bibi kasahau tena."

"Na nani kampa habari leo?"

"Mimi. Namwambia kila siku. Hasikii."

"Weee! Anasikia sana!" Mama Tunu akatua kuni. "Kwako msiba ni wa mwaka jana. Kwake umetokea sasa hivi. Atakula vipi? Akimuulizia mumewe, mwache amzungumzie."

Kesho yake Mama Tunu alikuja kuwajulia hali. Bibi akauliza kama kawaida. Beatrisi akaketi naye mkekani.

"Umemkumbuka, eti bibi? Hebu nisimulie, yukoje mzee huyo?"

Bibi akacheka. "Mbishi huyo! Wenzake waliposa kwa vitenge, yeye kaja na furushi la ming'oko, vile viazi vya porini, hata udongo hajafuta!"

Alisimulia huku anakunywa uji, mpaka kikombe kikaisha. Beatrisi alicheka, mara machozi yakamtoka, mengi, yale ya miezi yote.

Mama Tunu akamshika bega. "Bibi amesahau siku, mwanangu, hajasahau watu. Ukimuuguza, anzia hapo."

"Unalia nini, mjukuu wangu?" bibi aliuliza.

"Nimemkumbuka babu."

Bibi akamfuta machozi kwa pindo la kanga. "Hata mimi. Sogea, tumngoje wote."