Sahani ya Nasambu na Hatua Kumi za Mukhwana

Mtu akitoka Kachibora kuja kwetu, kitu cha kwanza anachoona ni mahindi ya Mukhwana. Yanaanzia barabarani na kushuka kuelekea bwawani. Zamani yalifika mpaka kwenye maji yenyewe, maana Mukhwana hakuacha hata hatua moja bila kupanda. Ya chini ndiyo yalikuwa marefu zaidi. Jumapili baada ya kanisa alipenda kutupitisha pale, bila sababu yoyote ila tuyaone. Nasi tuliyaona.

Mke wake, Nasambu, ni jirani na rafiki yangu. Alikuwa na ng'ombe watatu, na aliyempenda zaidi ni Kadogo, mtamba mwenye mimba. Kila asubuhi aliwanywesha bwawani. Baada ya kupanda, sisi wanawake tulifua magunia ya mbolea huko huko, kwa sababu tuliyahitaji wakati wa kuvuna. Hatukuona kosa lolote.

Mwaka juzi mvua ilikatika, jua likawaka, na maji yakageuka kijani. Yalikuwa mazito kama rangi ya kupaka ukuta, na yalinuka. Sisi tulisukuma uchafu kando kwa mtungi, tukachota. Wiki moja baadaye ng'ombe wa jirani yetu Kipyegon alikunywa pale asubuhi, na jioni alikuwa amekufa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba maadui wametia sumu.

Chifu alipiga simu, wakaja watu wawili. Mmoja ni Chesang, afisa wa maji wa kaunti, ambaye tunamjua. Wa pili ni mgeni, Daktari Wabwile, mwanasayansi wa maji. Huyo hatukufurahi kumwona. Wanasayansi walishawahi kuja, wakajaza chupa zao, wakaenda, na majibu hatujayaona mpaka leo. Nasambu alimwambia hivyo machoni pake.

"Ni kweli, mama," Wabwile alisema. "Ndiyo maana safari hii nimekuja na Chesang. Mimi napima, lakini yeye ako na ofisi hapa. Nikipotea mtamshika yeye."

Siku hiyo hiyo Chesang alizungusha waya kwenye bwawa. Mtu asinywe, mnyama asinyweshwe. Nikauliza, je, tukichemsha? Akasema maji yana sumu isiyotoka kwa moto. Tukabaki na kisima cha shule, mwendo wa nusu saa. Nasambu alisukuma baiskeli yenye mitungi mara nne kwa siku, kwa ajili ya ng'ombe tu. Baada ya wiki mbili aliniambia kwamba mambo yakiendelea hivyo, mwezi ukiisha atamuuza Kadogo. Alilia alipolisema.

Wabwile alirudi siku aliyoahidi. Hilo peke yake lilitushangaza. Aliomba sahani nyeupe na kamba. Nasambu alitoa sahani yake ya wageni, ile ya bati. Wabwile aliitoboa, akaifungia jiwe, akapiga mafundo kwenye kamba, shibiri moja kati ya fundo na fundo. Alimwomba Mukhwana aishushe majini mpaka isionekane. Ilipotea hata kabla ya fundo la kwanza.

Ndipo akatueleza polepole. Majini mna mimea midogo sana inayoitwa mwani, na imo siku zote. Lakini ikipata chakula kingi na jua kali, inazaana mpaka inafunika maji, na aina zingine hutoa sumu. Yeye alianzia kazi ziwani, kwa wavuvi, ambako ukingo unakuwa kijani vivyo hivyo. Aliufuata mto Nzoia, unaoingia ziwa hilo, akipima maji, na alikuwa amefika kwenye kijito cha bwawa letu chifu alipopiga simu.

Mukhwana akataka kujua chakula hicho kinatoka wapi.

"Mzee, mbolea ya mahindi unaweka aje?" Wabwile aliuliza.

"Narusha tu juu, kabla mvua inyeshe. Si mvua inaingiza yenyewe."

"Mvua inateremsha, mzee. Mahindi yako ya chini yanashika kidogo, ndiyo maana ni mazuri hivyo. Ile ingine yote inaingia kwa maji."

Mukhwana aligeukia mahindi yake. "Ati miaka hii yote nimekuwa nikilisha bwawa?"

Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tulirusha mbolea vivyo hivyo, na magunia tulifua wenyewe.

Chesang alitaja la kufanya. Mbolea iwekwe karibu na mche na kufunikwa kwa udongo, na isiwekwe mvua kubwa ikikaribia. Magunia yafuliwe mbali na maji. Ng'ombe wasiingie bwawani tena. Kaunti italeta bomba na hori la kunyweshea. Mwisho, hatua kumi kuzunguka bwawa lote zipandwe nepia, ili nyasi zishike kinachoteremka. Majirani wengine wote walikubali. Mukhwana, ambaye mahindi yake yalikuwa yamefika kifuani, aliondoka bila kuaga.

Alinuna siku tatu. Nasambu hakumgombeza. Siku ya nne alimpa baiskeli na mitungi. "Baba Levi, leo peleka maji wewe," alimwambia.

Mukhwana alikwenda mara nne. Kesho yake asubuhi tulisikia panga. Alikuwa anakata mahindi yake mwenyewe, mstari kwa mstari, na Kadogo anayala. Nilisimama pale nikamheshimu kuliko Jumapili zote zile. Tangu siku hiyo walipokezana baiskeli, na Nasambu hakuzungumzia kuuza tena.

Bwawa halikupona haraka. Kila Ijumaa Nasambu alishusha sahani na kuandika kwenye daftari. Wabwile alipima maji maabarani, na kila mara Chesang aliyasoma majibu kwenye baraza la chifu. Msimu wa kwanza sahani ilifika fundo la pili. Mwaka huu imefika la tano, na maabara imesema sumu haipo. Chesang alipofungulia bomba, Kadogo alikunywa wa kwanza, ndama wake wa pili ubavuni.

Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka Kanduyi, kule Bungoma, wakiongozwa na afisa wao, Fridah. Maji yao nayo yameanza kugeuka. Fridah aliuliza mwanasayansi aliyepima bwawa letu yuko wapi, na Wabwile, aliyekuja siku hiyo, akamwonyesha Nasambu. Nasambu alisimama, akasoma daftari lake lote bila haraka.

Kisha Mukhwana akawachukua. Aliwapitisha kando ya mahindi bila kusimama, akashuka nao mpaka kwenye nepia.

"Mahindi mtaona hata kwenu," alisema. "Kujeni muone hizi hatua kumi."

Nasi, ambao tunazijua sana, tukashuka kuziona tena.