Aliyeiba Shida za Kola

"Dada, haya maisha uliyoandika si yako."

Kola aliitoa simu sikioni, akaitazama kama imemtukana, akairudisha.

"Samahani, karani. Umesemaje?"

"Maombi yako ya ufadhili wa masomo yamekataliwa. Umenakili. Hadithi hii hii, neno kwa neno, imeletwa na mwombaji mwingine siku nne kabla yako."

"Lakini hayo ni maisha yangu! Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Nikachukuliwa na shangazi, tunapiga pasi nguo za watu, nikaacha shule miaka miwili, nikarudi..."

"Na yeye mama yake alifariki akiwa darasa la sita. Na yeye kalelewa na shangazi. Na yeye anapiga pasi, kaacha shule, karudi. Hata kovu la pasi mkononi analo. Dada yangu, ukinakili, basi angalau kovu ulisogeze kidogo. Ungeliweka hata mguuni."

"Huyo mtu ni nani?"

"Siruhusiwi kusema. Ni kijana mmoja mstaarabu sana, anakuja kwenye mahojiano Ijumaa saa nne. Siku njema."

Simu ikakatika. Harufu ikampanda puani. Akaruka, akainua pasi kutoka kwenye shati la mteja sekunde moja kabla halijabadilika rangi. Kwa miaka minane hakuwahi kuisahau pasi juu ya nguo. Mtaa mzima walimwita Kola kwa sababu hiyo: kola aliyoinyoosha yeye ilisimama wima hata mwenye shati akiwa amelala.

Wapo wanaoibiwa simu. Wapo wanaoibiwa waume, wakashukuru kimoyomoyo. Kola alikuwa ameibiwa shida.

Na Kola hakuwa na haja ya kumtafuta mwizi. Zile kurasa mbili alikuwa amezisoma mtu mmoja tu duniani, yule aliyezichapa: mpenzi wake, Chapa, mwenye dawati la kompyuta kwenye duka la kopi pale kona. Fomu ilisema, *Eleza maisha yako kwa maneno yako mwenyewe*. Kola akaeleza kwa mkono, usiku tatu. Chapa akachapa. Alipofika ukurasa wa pili akalia machozi ya kweli, akamshika mkono.

"Mpenzi, ukipata hii nafasi ya chuo cha utabibu, ukimaliza tu, nakuoa."

Halafu mtandao ukagoma. Siku nne! Kila akienda, Chapa anatikisa kichwa, "Mtandao leo umelala kabisa, mpenzi," na huku watu wengine wanatoka na karatasi zao zikiwa bado za moto.

Kumbe yale machozi alikuwa anajililia mwenyewe, mapema.

"Namfuata sasa hivi!" Shangazi alikwishajifunga kanga kiunoni kabla Kola hajamaliza kusimulia. "Namfuata na hii pasi ikiwa na moto wake!"

"Kaa chini, shangazi."

"Nikae? Mtu kachukua kifo cha wifi yangu kaenda kujiombea nacho chuo, nikae?"

"Ukimfuata leo atakana. Karatasi yake ilifika kwanza. Mimi ndiye mwizi, wao ndivyo wanavyojua."

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Kola akausoma kwa sauti.

"Mpenzi, nakuja na shati langu jeupe. Nina kikao kikubwa Ijumaa. Ulinyooshe kama la bwana harusi."

Shangazi na mpwa wake wakatazamana. Kisha Kola akatabasamu, na Shangazi, aliyemjua tangu ananyonya, akasogeza kiti nyuma kidogo.

Chapa alifika jioni ile, amenukia, shati mkononi.

"Kikao cha nini tena?" Kola akauliza, akiweka makaa.

"Ah, mambo ya kazi tu. Mashine mpya."

"Na wale watu wa ufadhili, mbona kimya?"

"Wanachelewa wale. Usikate tamaa, mpenzi. Ukikosa mwaka huu, mwakani upo. Na mimi nipo."

"Najua upo."

Chapa akavuta kiti. Macho yake yakatua kwenye kovu la mkono wa kushoto wa Kola, dogo, lenye ncha kama ulimi wa pasi.

"Hivi hili ulilipataje hasa? Pasi ilikuwa imesimama, au uliishika vibaya?"

Miaka miwili ya mapenzi, hakuwahi kuuliza. Leo anauliza kama mtu anayedurusu somo. Kola karibu amwonee huruma. Karibu.

"Ilinidondokea nikisoma. Nilikuwa nimebandika picha ya moyo wa binadamu hapo ukutani. Nikatazama moyo, nikasahau mkono."

"Aisee. Na makaa huwa unaweka mangapi?"

"Unajaza mpaka kifuniko kigome kufunga."

"Kumbe! Na majivu?"

"Unapuliza. Unaiweka juu ya nguo kwanza, halafu unapuliza matunduni kwa nguvu zako zote."

Shangazi, aliyekuwa anakunja mashuka, akapaliwa na mate.

"Na utajuaje imepata moto?"

"Unaibandika katikati ya mgongo wa shati, unahesabu mpaka kumi. Ikifika kumi, utajua tu."

"Dah! Kazi hii ni sayansi."

"Sayansi kubwa, mpenzi."

Chapa akambusu shavu, akaondoka midomo ikimchezacheza. Alikuwa anakariri.

"Lete hilo shati," Shangazi akasema. "Nilichome tundu apite mbuzi."

"Hapana."

"Basi nilitie upupu."

"Hapana, shangazi. Nalipiga pasi, tena vizuri kuliko mashati yote niliyowahi kupiga."

"We bado unampenda!"

Kola akanyunyiza maji kwenye kola, akailaza taratibu.

"Nampenda mpaka Ijumaa."

Ijumaa saa nne na robo, karani wa ofisi ya ufadhili alikuta mlangoni wanawake wawili. Mmoja kashika pasi ya mkaa, mwingine kashika ndoo yenye makaa yaliyofunikwa kwa majivu.

"Jamani, hapa si jikoni."

"Mimi ndiye yule niliyenakili," Kola akasema. "Nimekuja kukiri mbele ya kamati."

Neno kukiri lina utamu wake. Mlango wa ndani ukafunguka, mama mmoja mwenye miwani akachungulia.

"Nani anakiri? Mlete. Tangu asubuhi tunasikiliza watu wema tu, tumechoka."

Ndani, mwenyekiti wa kamati alikuwa mwisho wa meza ndefu. Mbele yake, kwenye kiti cha waombaji, kakaa Chapa. Shati lake liling'aa mpaka ukuta ukaonekana mchafu. Alipomwona Kola, kitu pekee kilichobaki wima kwake ni kola.

"Mpen... dada, shikamoo," akasema. Mtu wa rika lake! Mama wa miwani akaandika kitu.

"Waheshimiwa," Kola akaanza, "mmesoma maisha mamoja yenye wenyewe wawili. Siombi mniamini. Mmoja wetu amepiga pasi ya mkaa miaka minane. Pasi hii hapa, na moto ninao. Muulizeni yeye kwanza. Yeye ndiye aliyetangulia."

"Huu ni mchezo gani?" Mwenyekiti akanuna.

"Mchezo wa dakika kumi, mwenyekiti," mama wa miwani akajibu. Akamgeukia Chapa. "Kijana, si umeandika hapa, *naweza kunyoosha shati huku nimefumba macho*? Fumbua tu. Tunyooshee."

"Hakuna tatizo, mama," Chapa akasema. Alikuwa amedurusu, maskini. "Ila nguo sina."

"Umeivaa."

Shangazi akakohoa kidogo, kikohozi cha furaha.

Chapa akavua koti, akavua shati, akabaki na fulana yenye tundu kwapani. Karani akatandika shuka mezani. Mama wa miwani akashusha miwani puani.

"Mkono wa kushoto, kovu liko wapi?"

"Lili... lilipona, mama."

"Kovu lilipona?"

"Nilikuwa napaka mafuta."

Mwenyekiti akasogeza kiti mbele. Sasa mchezo ulikuwa umemkolea.

Chapa akajaza makaa mpaka kifuniko kikagoma. Akakilazimisha. Akaitua pasi katikati ya mgongo wa shati, akainama, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuzamia, akapuliza.

Wingu la majivu likapanda. Likatua mezani, kwenye mafaili, kwenye chai ya mwenyekiti, kwenye nyusi za Chapa. Na katikati ya wingu hilo sauti yake ikasikika, yenye uhakika kabisa:

"Moja. Mbili. Tatu. Nne..."

"Kijana!" mwenyekiti akapiga kelele. "Shati linaungua!"

"Bado sita, mheshimiwa!"

Kola alisubiri hadi saba. Saba aliona inamtosha. Akapita mbele, akanyanyua pasi kwa kitambaa. Mgongoni mwa shati palikuwa na picha safi ya pasi, nyeusi, kamili mpaka ncha. Shangazi akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka.

Kola akapunguza makaa, akaizungusha pasi hewani mara tatu, akafuta tako la pasi kwa kitambaa, akadondosha tone la maji, akasikiliza lilivyolia. Kisha akalichukua lile koti la Chapa, lililokuwa limekunjamana kwa kuvuliwa kwa hofu, akalinyoosha. Mkono wake wa kushoto ukateleza mezani, na kovu likawa juu, mbele ya macho ya kamati nzima.

"Kwa nini?" alimuuliza Chapa mwishoni, akimkabidhi koti. Hilo tu ndilo halikuwa kwenye mpango.

Chapa akafuta majivu usoni, akazidi kuyatapakaza.

"Fomu ilitaka shida. Baba ana duka, mama yupo, sina hata mtoto wa jirani aliyewahi kunipiga. Ningeandika nini? Wewe shida unazo nyingi, Kola. Nikadhani nikizichukua hazitakupungukia."

Kola akaifuta pasi majivu.

"Umechukua za kuandika," akasema. "Ulitakiwa uchukue na za kupiga pasi."

Mama wa miwani akachana kurasa mbili za Chapa katikati, taratibu, akifurahia kila sentimita. "Kijana, mlango ule pale. Karani, mpe huyu dada kiti. Na wewe binti, hebu niambie, ule moyo uliokuwa ukutani una vyumba vingapi?"

"Vinne, mama. Nikutajie na milango yake?"

"Taja."

Akataja mpaka mwenyekiti akasahau kwamba chai yake ina majivu, akainywa.

Wiki tatu baadaye barua ikafika. Shangazi, asiyejua kusoma, alitaka asomewe mara nne, na kila likifika neno "umechaguliwa" anamsimamisha Kola: "Hapo hapo, rudia!"

Siku ya safari, sanduku likiwa mlangoni, simu ikalia. Chapa.

*Kola, nimejuta. Duka la kopi wamenifukuza. Mtaani wananiita Bado Sita. Sili, silali. Wewe ndiye mwanamke wa maisha yangu. Naomba unisamehe, turudiane. Nakupenda.*

"Anasemaje?" Shangazi akauliza. Alikuwa anafuta majivu ya pasi kwa kitambaa cheupe chenye alama nyeusi. Shati la Chapa liliachwa mezani ofisini siku ile, na Shangazi hakupenda vitu viharibike bure.

"Anataka turudiane."

"Utamjibu?"

"Lazima. Si vizuri mwombaji akose majibu."

Akaandika, akatuma, akabeba sanduku.

*Maombi yako yamepokelewa. Eleza maisha yako kwa maneno yako mwenyewe, kurasa mbili. Ukiwa na kitu cha kuandika, nitafute.*

Hajatafutwa mpaka leo.