Joto Lilipopinda Reli

Likizo kubwa ilipokaribia, cherehani ya Mama Redio ililia kutwa. Wateja walitaka nguo za safari, na kila mmoja alitaka yake itangulie. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mumewe alikuwa mwashi. Binti yao walimwita Redio, kwa sababu alianza kuongea pale tu alipofungua macho asubuhi, na hakuna aliyejua pa kumzimia.

Pamoja nao aliishi Bibi, mama yake mwashi. Bibi alikuwa na pacha wake, aliyeolewa mji wa mbali. Wazee hao walionana mara moja tu kwa mwaka, likizo kubwa, msimu wa joto. Wakikutana walicheka mpaka wakafutana machozi.

Lakini mwaka uliopita mambo yaliharibika. Walisafiri mchana, kama walivyozoea. Behewa likawaka kama tanuri. Walipofika mlangoni kwa pacha wake, Bibi alianguka na kuzirai hata kabla ya salamu. Likizo yote aliimalizia kitandani hospitalini.

Basi mwaka huu mwashi alisema, "Mama, safari hii tuiache. Joto limezidi."

Bibi akaweka kikombe chini. "Tuiache mpaka lini?"

"Mpaka lipungue."

"Lisipopungua je? Mwanangu, mimi na mwenzangu umri umekwenda. Unadhani tumebakiza likizo nyingi?"

Mwashi akachukua mwiko wake, akaenda kazini. Redio akamfuata mpaka mlangoni, akimwuliza swali lile lile.

Jioni ile jirani yao Muuguzi alipita kuchukua sare yake iliyoshonwa upya. Alifanya kazi katika zahanati ya mtaa. Fundi akamweleza yote.

"Tunasafiri kila mwaka," alisema Fundi. "Mbona zamani hatukuumwa?"

"Kwa sababu joto la zamani si la sasa," alijibu Muuguzi. "Dunia inapata joto zaidi. Moshi wa magari na viwanda unajaza hewa. Misitu nayo tunaikata. Hewa chafu inaifunika dunia kama blanketi. Joto la jua linaingia, lakini kutoka linapata tabu."

"Kwa hiyo Mama asisafiri tena?"

"Sijasema hivyo. Jua limebadilika, na sisi tubadili namna ya kusafiri. Mnapanda treni saa ngapi?"

"Ya mchana. Ndiyo tuliyoizoea."

"Pandeni ya alfajiri. Na Bibi anakunywa maji?"

"Nisikie kiu ndipo ninywe," Bibi alidakia kutoka chumbani.

"Hapo ndipo penye hatari, Bibi," Muuguzi akaita. "Mtu akizeeka kiu huchelewa kumwambia. Kunywa kidogo kidogo njia nzima. Na dawa yako ya presha, uje nayo zahanati kesho. Baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini. Usiache kuinywa, lakini daktari aijue."

Kisha akamgeukia Fundi. "Mtu akichoka sana, akitoka jasho jingi na kichwa kikimuuma, mpeleke kivulini, mpe maji, apumzike. Lakini akianza kuchanganyikiwa, na mwili unawaka, hiyo ni dharura. Usingoje. Ita gari la wagonjwa, na huku unampoza."

Fundi alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayepimwa, bila kupitwa na neno. Mwashi aliporudi kutoka kazini alisimuliwa yote. Alifikiri kidogo, akasema, "Kama ni hivyo, twende."

Siku zilizofuata, Fundi alishona mpaka vidole vikamuuma. Alimshonea Bibi gauni jeupe la pamba, pana na jepesi.

"Hili si gauni, ni hema," Bibi alilalamika.

"Ndiyo, Mama. Upepo uingie bila kubisha hodi."

Alishona pia mapazia meupe ya madirisha ya behewa, ya kufunga kwa kamba. Mwashi alitafuta madumu safi ya maji. Redio alipewa kazi ya kumkumbusha Bibi kunywa. Ilikuwa kazi aliyoumbiwa.

Waliondoka alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi. Mbele yao alikaa muuza viatu mmoja, mnene, mcheshi, amevaa koti zito. Alipoyaona madumu alicheka sana.

"Mama, unakwenda kuogesha ng'ombe?"

"Hapana, kaka. Tunakwenda likizo. Karibu unywe."

"Asante, mimi ni ngamia," alisema, na behewa zima likacheka.

Safari ilikwenda vizuri. Jua lilipopanda, Fundi alifunga mapazia upande wa jua, akafungua madirisha upande wa kivuli. Abiria wengine wakasogea karibu. Kisha treni ikapunguza mwendo. Ikasimama katikati ya uwanda mkavu.

Kondakta wa treni akaja akijifuta jasho. "Poleni, ndugu abiria. Reli imepinda huko mbele. Chuma kikipata joto kali hurefuka, na kikikosa nafasi hupinda. Mafundi wako njiani. Tafadhali kaeni ndani, msishuke kwenye jua."

Watu wakaguna. Joto likapanda. Redio akawa haachi: "Bibi, maji. Bibi, maji." Bibi akanywa, akasema atamfungulia mtoto huyu mashtaka. Lakini alinywa.

Ndipo muuza viatu alipoanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alimwita kondakta kwa jina la mkewe. Alitaka kushuka dirishani, akauze viatu. Fundi alimgusa paji la uso. Lilikuwa moto kama kikaango.

Fundi akageuka haraka. "Amepigwa na joto. Kondakta, piga simu, ita gari la wagonjwa! Baba Redio, mshike mabega. Tumlaze pale mlangoni penye kivuli."

Wakamlaza. Wakamvua koti na viatu.

"Mpeni maji anywe!" abiria mmoja alipiga kelele.

"Hapana," alisema Fundi. "Hajitambui, atapaliwa. Maji tuyamwage mwilini."

Aling'oa mapazia yake yote, akayaloweka, akamfunika nayo kifuani, shingoni na kwapani. Yalipopata joto, aliyaloweka tena. Bibi akasimama, gauni lake likipepea, akaanza kutoa amri kama mkuu wa jeshi.

"Wewe mwenye gazeti, litasomwa kesho, mpepee! Na wewe mwenye kofia, njoo umpokee akichoka!"

Wakapepea kwa zamu. Mwashi alimwaga maji pole pole. Baada ya muda yule mtu akafumbua macho. Akamtazama Fundi.

"Ng'ombe ni mimi?" akauliza kwa sauti dhaifu.

Behewa likalipuka kwa kicheko, na wengine wakalia. Gari la wagonjwa lilifika kwa barabara ya kando ya reli. Mhudumu alimpima mgonjwa, akayaona yale mapazia mabichi. "Nani alianza kumpoza?"

Vidole vyote vikamwelekea Fundi.

"Umefanya sawasawa kabisa," alisema mhudumu. "Mngesubiri tuje, tungekuta tumechelewa."

Mwashi alimkabidhi mhudumu koti la mgonjwa. Alimtazama mkewe kama mtu anayeiona nyumba aliyoijenga ikiwashwa taa kwa mara ya kwanza.

Reli ilinyooshwa, treni ikafika jioni. Siku chache baadaye muuza viatu alipiga simu kutoka hospitalini. Alikuwa mzima, na alitaka kujua namba za miguu ya familia yote. Mwaka uliofuata, mtaa mzima ulipanda treni ya alfajiri, na nusu ya madirisha ya behewa yalikuwa na mapazia meupe.

Lakini jioni ile ya kwanza, pale stesheni, pacha wake Bibi alikuwa akingoja kwa wasiwasi. Alimwona Bibi akishuka kwa miguu yake mwenyewe, uso mchangamfu, gauni jeupe limejaa upepo. Wakakumbatiana, wakacheka, wakafutana machozi.

Abiria walipita wakimpa Fundi mkono, mmoja baada ya mwingine. Pacha akashangaa.

"Huyu ni daktari?"

"Daktari wapi!" Bibi alisema kwa sauti ya kusikika stesheni nzima. "Huyu ni fundi cherehani. Huyu ni mkwe wangu."