Nani Anamvalisha Fundi Saa?

Tangu apate kiharusi, Fundi Saa husimama katikati ya chumba kila asubuhi, mkewe akimfunga vifungo vya shati. Mkono wake wa kulia unaning'inia tu.

"Inua kidevu," mkewe alisema. "Au nikufunge pamoja na ndevu?"

"Funga. Zitapata joto."

Hodi ikapigwa. Akaingia binti wa hospitali na mfuko wa karatasi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Binti akaeleza shida yake. Hospitali ilifikiria kuleta mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kabla ya kutoa fedha, ilitaka kujua wagonjwa wanaishije sasa, halafu iulize tena baadaye. Hapo ingejua kama gharama ile inaleta nafuu.

"Baba, una shida ya kuvaa au kuoga?"

"Sina."

"Sifuri ni hali mbaya kabisa. Mia ni nzuri kabisa. Leo uko wapi?"

"Andika tisini na tano. Umetembea juani, na una adabu."

Binti akacheka. "Hizo maksi umenipa mimi, baba. Nataka zako."

"Na shati limejivaa lenyewe," mkewe akadakia.

"Si nimevaa? Shida iko wapi?"

Binti akaweka kalamu chini. "Mama asipokuwepo?"

Fundi Saa akatazama vifungo vya shati lake. "Nitakaa kifua wazi," akasema. "Mpaka arudi."

"Basi hilo ndilo jibu. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Ukisema huna shida, karatasi itasema hakuna wa kusaidiwa. Usiongeze, usipunguze."

"Andika siwezi kuvaa mwenyewe." Kisha akaongeza, "Andika naona aibu, kama kuna mahali pake."

"Papo, baba. Na maksi?"

"Thelathini."

Mkewe akamshika bega. "Thelathini, mume wangu? Na kila siku unanichekesha?"

"Ndiyo maana si ishirini."

Majibu yakakusanywa nyumba kwa nyumba, yakajumlishwa. Mtaalamu akaletwa, siku mbili kwa wiki. Baada ya miezi sita binti akarudi.

"Leo je, baba?"

"Hamsini na tano. Naoga mwenyewe. Bisibisi ya saa bado inanishinda."

Binti akaandika, kisha akatoa karatasi nyingine. "Hii ni ya anayeuguza. Mama, wewe unaendeleaje?"

Mkewe alitaka kusema salama. Akamtazama mumewe, akabadili nia.

"Mgongo," akasema. "Unaniuma tangu mwaka jana. Usiku sigeuki."

"Mbona hukuniambia?" Fundi Saa akauliza.

"Nani aliniuliza?"

Fundi Saa akainuka, akamwachia kiti chenye mto. Binti akaandika kila neno.

Jumanne iliyofuata, wote wawili walikwenda kwa mtaalamu.