Kitabu Kilichotundikwa Ukutani

Kila asubuhi Yeshimebet alitandaza majani mabichi sakafuni, akaosha buni, akaikaanga. Tirngo, binti yake wa miaka sita, alikaa kimya karibu na jiko.

Ukutani ilining'inia Zaburi ya marehemu baba mkwe, ndani ya mfuko wa ngozi. Kando yake kilining'inia kitabu cha hadithi za wanyama, alichogawiwa Tirngo kwenye kituo cha watoto. Yeshimebet alikifunga kwa kitambaa cheupe, kisipate hata vumbi. Katika nyumba ile vitabu viliguswa na watu wa kanisa tu, tena kwa mikono iliyooshwa.

Moyoni alikuwa na hofu. Belay, mwanawe mkubwa, aliacha shule darasa la pili. Kusoma kulimshinda, wenzake wakamcheka, na sasa anachunga ng'ombe wa watu milimani. Mwaka mpya ukiingia, Tirngo naye angeanza shule. Je, naye akiishia huko?

Siku moja Asnakech, jirani anayefundisha watoto wadogo, alikuja kunywa kahawa. Akatazama ukuta.

"Mdogo wangu, na hiki umekitundika kama nyama ya kukausha?"

Yeshimebet alijitetea kwamba watoto wangekichana. Tena yeye aliishia darasa la nne, anasoma kwa kukwamakwama. Angejiaibisha mbele ya mtoto.

Asnakech hakucheka. Alimweleza kwamba Zaburi ibaki pale, ina heshima yake. Ila kitabu cha mtoto hakina kazi ukutani. Mtoto anayesomewa huokota maneno mengi kabla hajajua herufi hata moja. Ampakate, apitishe kidole chini ya maneno, amuulize anadhani nini kitafuata. Akitaka hadithi ile ile kila siku, amsomee ile ile.

"Na nikikwama, dada?"

"Kwama. Ataona hata mtu mzima hukwama, halafu huendelea. Belay hakuna aliyemwonyesha hilo."

Maneno hayo yalimchoma Yeshimebet. Aliinuka, akakitungua kitabu.

Tangu hapo, birika likirudishwa motoni kwa kahawa ya pili, alimpakata Tirngo akamsomea. Mtoto aliyekuwa kimya akaanza kumcheka fisi wa kitabuni, kumgombeza, kumwonya mbuzi asimwamini. Kitabu kiliingia madoa ya kahawa. Ukurasa mmoja ulichanika, wakaubandika kwa uji.

Tirngo alipokuwa ameshaanza shule, Asnakech aliwaazima kitabu kingine. Hawakuwa wamewahi kukifungua. Kwenye ukurasa wa kwanza Yeshimebet alikwama. Tirngo alisubiri. Kisha akainama, akalisoma neno lile taratibu.

"Haya, mama, endelea."

Macho ya Yeshimebet yalijaa machozi. Furaha ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake: alimkumbuka Belay. Alisoma hadithi mpaka mwisho.

Siku ya soko alituma ujumbe milimani: Belay aombe ruhusa, aje nyumbani wanywe kahawa. Habari ya kitabu hakuitaja, asije akaogopa kuja.